WASIFU WA MARIA MONTESSORI: MWALIMU ALIYEANZIA KWA WATOTO WALIOKATALIWA

Ndugu mtahiniwa, kumbuka kwanza tofauti kati ya wasifu na tawasifu. Wasifu ni habari za maisha ya mtu zinazoandikwa na mtu mwingine. Tawasifu ni habari ambazo mtu huandika kuhusu maisha yake mwenyewe. Wasifu mzuri hauishii kwenye tarehe ya kuzaliwa, majina ya shule na tarehe ya kufariki. Humwonyesha msomaji jambo kubwa ambalo mtu huyo alilipigania, vikwazo alivyokutana navyo na mambo yaliyobaki baada yake.

Huenda umewahi kuona neno Montessori kwenye kibao cha shule ya chekechea mjini kwenu. Watu wengi hulichukulia kuwa jina la aina ya shule. Hilo ni jina la mtu, mwanamke wa Kiitalia aliyesomea udaktari na ambaye ujanani hakutaka kabisa kuwa mwalimu. Soma wasifu wake ukiwa na swali hili akilini: daktari huyu aliwezaje kuwa mwalimu wa walimu, tena wa aina mbili, wale wa watoto wenye ulemavu na wale wa watoto wa shule za kawaida?

Utoto na masomo

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na bandari ya Ancona, upande wa mashariki wa Italia. Mwaka huohuo majeshi ya Italia yaliingia Roma, na nchi hiyo iliyokuwa imegawanyika kwa karne nyingi ikakamilisha kuungana. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali katika wizara ya fedha na alifanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku cha serikali. Mama yake, Renilde Stoppani, alikuwa amesoma kuliko wanawake wengi wa wakati ule, na alipenda sana vitabu. Maria alikuwa mtoto wao wa pekee. Mwaka 1875 familia ilihamia Roma, na huko ndiko Maria alikosoma.

Alipofika umri wa miaka 13 alijiunga na shule ya ufundi. Shule za namna hiyo zilikusudiwa hasa wavulana. Msichana aliyependa masomo alitarajiwa kuwa mwalimu, na wazazi wake pia walimwelekeza huko. Maria alikataa. Alipenda hisabati na alitaka kuwa mhandisi. Baadaye akabadili nia na kuchagua udaktari, jambo ambalo baba yake hakulifurahia.

Mwaka 1890 aliingia Chuo Kikuu cha Roma kusomea sayansi asilia. Mwaka 1892 alipata stashahada iliyomwezesha kuendelea na masomo ya udaktari. Huko alikuta kikwazo cha ajabu. Ilionekana kuwa ni aibu mwanamke kusimama pamoja na wanaume mbele ya maiti iliyo uchi katika chumba cha kupasulia. Kwa hiyo wanafunzi wenzake walipomaliza kazi na kuondoka, yeye alibaki kufanya kazi yake peke yake. Hakuacha masomo. Mwaka 1896 alihitimu, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata shahada ya udaktari nchini Italia. Mwaka huohuo aliiwakilisha nchi yake katika kongamano la kimataifa la wanawake mjini Berlin, ambako alitetea wanawake walipwe sawa na wanaume wanaofanya kazi ileile.

Alichokiona katika hospitali ya wagonjwa wa akili

Baada ya kuhitimu, Montessori aliendelea na utafiti katika kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu. Kazi hiyo ilimpeleka katika hospitali za wagonjwa wa akili mjini Roma. Humo aliwakuta watoto. Wengine walikuwa na ulemavu wa akili, na wote walikuwa wamefungiwa pamoja na watu wazima waliorukwa na akili. Hakukuwa na shule iliyowapokea. Hawakuwa na kitabu wala kitu cha kuchezea. Majina waliyoitwa siku zile yalikuwa ya kudhalilisha, na hayafai kutumiwa leo. Jamii ilikuwa imeshaamua kwamba watoto wale hawafundishiki.

Inasimuliwa kwamba katika chumba kimoja watoto walipomaliza kula walijitupa sakafuni kuokota makombo ya mkate. Mhudumu aliwaona kuwa ni walafi. Montessori alitazama kwa makini zaidi. Chumba kile kilikuwa kitupu, bila kitu chochote cha kushika, na makombo yalikuwa ndiyo vitu pekee ambavyo watoto waliweza kuvipapasa na kuvigeuzageuza. Akaona kwamba njaa yao ilikuwa ya kazi ya mikono na ya akili, wala si ya tumbo. Watu wawili walitazama jambo moja. Mmoja aliona tabia mbaya, mwingine aliona mtoto anayetafuta kujifunza.

Montessori alianza kutafuta vitabu vya watu waliowahi kuwafundisha watoto kama hao. Alipata kazi za madaktari wawili wa Ufaransa. Wa kwanza ni Jean Itard. Mwanzoni mwa karne ya 19, Itard alijaribu kumfundisha mvulana aliyekutwa akiishi peke yake porini katika wilaya ya Aveyron. Mvulana huyo, aliyepewa jina la Victor, hakujua kuongea kamwe, lakini alijifunza mambo mengi ambayo watu hawakutarajia. Wa pili ni Édouard Séguin, mwanafunzi wa Itard, aliyeanzisha mafunzo kwa watoto wenye ulemavu wa akili mjini Paris na baadaye akahamia Marekani. Séguin aliwafundisha watoto kupitia misuli na milango ya fahamu: kutembea, kushika, kupapasa, kutofautisha rangi na maumbo, kisha polepole kuingia katika herufi na hesabu. Montessori aliyatafsiri maandishi ya wawili hao kwa Kiitalia kwa mkono wake mwenyewe, ili kila sentensi impitie akilini taratibu.

Mwaka 1898, katika mkutano wa walimu mjini Turin, alitoa hoja iliyowashangaza wengi. Alieleza kwamba tatizo la watoto wenye ulemavu wa akili si la dawa tu. Kwa sehemu kubwa ni tatizo la elimu. Angalia uzito wa hoja hiyo. Aliyeitoa alikuwa daktari, na alikuwa akisema kwamba wagonjwa hao wanamhitaji mwalimu kuliko daktari.

Chuo cha walimu wa elimu maalumu, mwaka 1900

Mwalimu huyo angetoka wapi? Vyuo vya ualimu vya Italia havikumfundisha mtu yeyote namna ya kukaa na mtoto asiyeweza kufunga vishikizo vya shati lake. Mwaka 1900 chama kilichowatetea watoto hao kilifungua chuo mjini Roma kwa ajili ya kuwaandaa walimu wao. Montessori na daktari mwenzake, Giuseppe Montesano, waliteuliwa kukiongoza. Walimu 64 walijiandikisha katika kundi la kwanza.

Masomo yao yalikuwa saikolojia, muundo wa mishipa ya fahamu na kazi zake, upimaji wa mwili, sababu na dalili za ulemavu wa akili, pamoja na mbinu maalumu za kufundishia. Kando ya chuo kulikuwa na darasa la watoto, na huko ndiko nadharia ilikojaribiwa. Montessori mwenyewe alifundisha watoto hao kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni. Usiku aliandika aliyoyaona, akayapanga, akatengeneza zana mpya. Baadaye alieleza kwamba miaka ile miwili ndiyo iliyokuwa shahada yake ya kweli ya ualimu.

Ndipo likatokea jambo lililomjengea jina. Baadhi ya watoto wale waliotolewa katika hospitali ya wagonjwa wa akili walijifunza kusoma na kuandika. Walipelekwa kufanya mtihani uleule waliofanya watoto wa shule za msingi za kawaida. Wakafaulu.

Wewe unayesoma kitabu hiki unajua uzito wa neno mtihani. Jiulize jamii ya Roma iliyapokeaje matokeo hayo. Wengi walishangilia na kuyaita muujiza. Montessori hakushangilia. Swali lililomsumbua lilikuwa la upande wa pili. Ikiwa watoto wenye ulemavu wa akili, waliopata malezi mazuri kwa muda mfupi tu, wanaweza kufikia alama za watoto wasio na ulemavu, basi hao wasio na ulemavu wanafundishwaje hata wabaki chini kiasi hicho? Aliona kwamba watoto wake walisaidiwa kupanda, na wale wengine walizuiwa wasikue. Aliona watoto wa shule za kawaida wakikaa siku nzima kwenye madawati yaliyopigiliwa misumari sakafuni, wakiwa kimya, wakimsikiliza mwalimu, wakingoja thawabu au adhabu.

Mtoto wake mwenyewe

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo ilifichwa kwa miaka mingi. Mwaka 1898 Montessori alizaa mtoto wa kiume, Mario. Baba wa mtoto alikuwa Montesano. Wawili hao hawakuoana. Kwa desturi za wakati ule mwanamke akiolewa alitarajiwa kuacha kazi, na mwanamke aliyezaa nje ya ndoa aliharibikiwa jina lake lote. Mtoto akapelekwa kulelewa na familia moja shambani, na mama yake akawa anamtembelea tu. Baadaye Montesano alimwoa mwanamke mwingine, na mwaka 1901 Montessori aliondoka katika chuo walichokiongoza pamoja. Mario aliungana na mama yake alipofikia ujana, akawa msaidizi wake mkuu hadi mwisho.

Mtahiniwa, wasifu haumfichi mhusika wala haumhukumu. Mwanamke aliyejulikana duniani kwa kuwatetea watoto alilazimika kumtoa wake alelewe na wengine. Ukiandika kuhusu maisha ya mtu, usiache sehemu kama hii kwa kuwa inauma. Inaonyesha wanawake wa wakati ule walivyolipa gharama kubwa kwa ajili ya kazi zao.

Nyumba ya Watoto, San Lorenzo

Baada ya kuondoka chuoni, Montessori alirudi chuo kikuu kusoma falsafa, saikolojia na elimu. Alitaka kulijibu swali lake juu ya watoto wa kawaida, lakini hakuwa na darasa la kulijaribia. Nafasi ilipatikana mwaka 1907. Katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, uliokaliwa na maskini, kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo ya kupangisha. Wazazi walipokwenda kazini, watoto wadogo wasiofikia umri wa kwenda shule walibaki peke yao wakichafua kuta na ngazi. Wenye majengo wakataka watoto hao wakusanywe katika chumba kimoja. Montessori alikubali kuwasimamia. Tarehe 6 Januari 1907 chumba hicho kilifunguliwa, kikaitwa Nyumba ya Watoto. Kilianza na watoto wapatao 50.

Hakukuwa na fedha za madawati. Hakukuwa na mwalimu aliyesomea ualimu. Aliyewekwa kuwaangalia watoto alikuwa msichana wa kawaida wa mtaani, na Montessori akamweleza namna ya kuwapa watoto zana na kuwatazama. Zana hizo zilikuwa zilezile alizokuwa amezitumia kwa watoto wenye ulemavu, zikiwa zimeboreshwa kidogo.

Hapa ndipo penye somo kubwa kwa mtu yeyote anayetaka kufundisha watoto wa aina zote mbili. Chukua mfano wa zana moja: kipande cha mbao chenye matundu, na vigogo vidogo vya mviringo vinavyotofautiana unene, kila kimoja na tundu lake. Mtoto anavitoa vyote, anavichanganya, kisha anavirudisha. Akikosea, kigogo kimoja kitabaki bila tundu. Montessori aliona kwamba mtoto mwenye ulemavu wa akili alihitaji mwalimu awe karibu, amtie moyo, amwelekeze macho, amrekebishe. Mtoto asiye na ulemavu aliliona kosa mwenyewe, akalirekebisha mwenyewe, na hakutaka kuingiliwa. Zana ilikuwa moja, lakini kazi ya mwalimu ilibadilika. Kwa mtoto wa kwanza mwalimu husogea karibu, na kwa wa pili hujifunza kurudi nyuma.

Siku moja Montessori alimtazama mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi akifanya kazi na vigogo hivyo. Aliwaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka. Mtoto yule hakugeuka. Akamnyanyua pamoja na kiti chake na kumweka juu ya meza. Mtoto alizikumbatia zana zake, akaendelea. Alirudia zoezi lile zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akatazama huku na huku kwa furaha kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mtamu. Hadi wakati huo walimu wengi waliamini kwamba mtoto mdogo hawezi kutulia kwenye jambo moja kwa dakika kadhaa.

Siku nyingine mwalimu alichelewa, na alikuwa amesahau kufunga kabati la zana. Alipofika alikuta watoto wamekwisha chagua zana na wanaendelea na kazi. Mwalimu aliona ni utundu. Montessori aliona kwamba watoto wanajua wanachohitaji. Tangu hapo makabati marefu yenye kufuli yaliondolewa, ikawekwa shubaka fupi ambalo mtoto analifikia.

Baadaye wazazi waliomba watoto wao wafundishwe kusoma. Montessori akatengeneza herufi za karatasi ya msasa zilizobandikwa juu ya kadi. Mtoto alipitisha kidole juu ya herufi huku akitamka sauti yake. Mkono ukajua umbo, sikio likajua sauti. Baada ya miezi michache watoto wa miaka minne na mitano wakaanza kuandika maneno kwa chaki, hata sakafuni. Habari zikaenea, na wageni kutoka nchi mbalimbali wakamiminika San Lorenzo.

Kuwafundisha walimu

Kadiri shule zilivyoongezeka, swali la mwaka 1900 lilirudi: nani atafundisha? Mwaka 1909, katika mji wa Città di Castello, Montessori aliendesha kozi yake ya kwanza ya walimu, iliyohudhuriwa na watu wapatao 100. Mwaka huohuo alichapisha kitabu kikubwa kuhusu mbinu yake, ambacho kilitafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1913 walimu kutoka nchi mbalimbali walikuja Roma kwa kozi ya kimataifa. Mwaka 1916 alitoa kitabu kingine kilichoeleza jinsi mbinu yake inavyoweza kutumika kwa watoto wa shule za msingi. Kwa hiyo njia iliyoanzia hospitalini ilipita chekechea, ikaingia darasa la hesabu na sarufi.

Katika mafunzo yake mwalimu hakuanza na kuongea mbele ya darasa. Alianza na kutazama. Alikaa pembeni, akaandika mtoto anafanya nini, anarudia nini, anaacha wapi. Alijifunza pia kuishika kila zana mwenyewe na kuionyesha kwa maneno machache. Montessori aliamini kwamba mwalimu mwenye kiburi na hasira hawezi kumwona mtoto aliye mbele yake, hata kama amesoma vitabu vingi.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka 1914 profesa wa Marekani William Heard Kilpatrick aliandika kitabu cha kuipinga mbinu hiyo. Alidai kwamba inatumia zana chache zisizobadilika na haimpi mtoto nafasi ya kutosha ya kubuni na kushirikiana na wenzake. Hamasa iliyokuwa imeanza Marekani ikapoa kwa miaka mingi. Wengine walimlaumu kwa kutaka mafunzo ya walimu yabaki chini ya mkono wake mwenyewe. Ukiulizwa kumjadili mtu maarufu katika mtihani, taja na hoja za wapinzani wake. Jibu la upande mmoja halikamiliki.

Siasa, vita na India

Katika miaka ya 1920 serikali ya Benito Mussolini iliziunga mkono shule za Montessori nchini Italia. Montessori naye aliupokea msaada huo, jambo ambalo baadhi ya watu wamemlaumu. Lakini shule inayomzoeza mtoto kuchagua na kufikiri haiwezi kupatana kwa muda mrefu na utawala unaotaka watu watii bila kuuliza. Mwaka 1934 uhusiano ulivunjika, shule zake zikafungwa, naye akaondoka Italia. Wanazi nao walizifunga shule zake nchini Ujerumani. Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimkimbiza kutoka Barcelona, Hispania, alikokuwa akiishi. Akapata makazi Uholanzi, akiwa na umri wa miaka 66.

Mwaka 1939 alialikwa India, akaenda pamoja na Mario kuendesha mafunzo mjini Madras. Zaidi ya walimu 300 walihudhuria. Mwaka 1940 Italia iliingia vitani dhidi ya Uingereza. Kwa kuwa India ilitawaliwa na Waingereza, Mario aliwekwa kizuizini na Montessori akawekewa mipaka ya kutembea. Tarehe 31 Agosti 1940, siku alipotimiza miaka 70, serikali ilimwachia huru mwanawe. Safari iliyokusudiwa kuwa ya miezi ikawa ya miaka, na hadi alipoondoka mwaka 1946 walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamepitia mikononi mwake. Huko pia alipanua sana mafunzo kwa ajili ya watoto wa miaka 6 hadi 12, yaani umri wa shule ya msingi.

Mwisho wa safari

Aliporudi Ulaya aliendelea kufundisha na kuhutubia kuhusu elimu na amani. Jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949, 1950 na 1951, ingawa hakuipata. Tarehe 6 Mei 1952, akiwa katika mji wa Noordwijk, Uholanzi, alikuwa akizungumzia safari ya kwenda Afrika kuwafundisha walimu. Siku hiyohiyo akafariki, akiwa na umri wa miaka 81. Alizikwa hukohuko.

Safari hiyo hakuifanya yeye, lakini kazi yake ilifika. Leo kuna shule na vyuo vya Montessori Tanzania, Kenya na nchi nyingine za Afrika. Jambo la kusikitisha ni kwamba katika miji mingi shule zenye jina hilo ni za watoto wa wenye uwezo, wakati yeye alianzia kwa watoto wa hospitali ya wagonjwa wa akili, kisha kwa watoto wa maskini.

Tunajifunza nini?

Baada ya matokeo yako, huenda wewe pia ukafikiria ualimu. Wapo watakaokuambia kwamba ni kazi ya waliokosa nafasi kwingine. Wapo pia watakaokuambia kwamba elimu maalumu ni tawi la pembeni, na kwamba mwalimu wa kweli ni yule wa darasa la kawaida. Maisha ya Montessori yanapinga maneno yote mawili. Aliukataa ualimu ujanani, kisha akauchagua akiwa daktari. Na yale aliyoyajua kuhusu watoto wa kawaida aliyajifunza kwanza kwa watoto wenye ulemavu.

Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Kenya ina taasisi yake ya elimu maalumu mjini Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1986. Lakini hata mwalimu asiyepitia huko atakutana darasani na mtoto asiyesikia vizuri, asiyeona ubao, au anayechelewa kuelewa. Akisema kwamba huyo si wa kwake, atakuwa anarudia maneno ya yule mhudumu aliyewaona watoto wakiokota makombo. Akitulia na kutazama, huenda akagundua kwamba anachokitafuta mtoto huyo ndicho wanachokikosa hata wale walio mstari wa mbele.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti ya namna mhudumu na Montessori walivyoelewa kitendo cha watoto kuokota makombo.
2. Kwa nini kufaulu kwa watoto wenye ulemavu wa akili kulimpa Montessori wasiwasi badala ya furaha?
3. Kwa kutumia mfano wa vigogo na matundu, fafanua jinsi kazi ya mwalimu inavyobadilika kulingana na mtoto.
4. Taja hoja mbili zilizotolewa na wapinzani wa Montessori, kisha toa maoni yako juu ya kila moja.
5. Andika wasifu wa maneno 300 wa mwalimu yeyote unayemfahamu. Onyesha jambo moja alilolipigania na kikwazo alichokutana nacho.